Kosa, Siri na Mtu: Historia ya Msamiati wa Ukosoaji Mkali katika Kiswahili

1. Utangulizi

Mfasiri anayekutana na neno la Kiingereza 'criticism' hulazimika kuamua jambo ambalo mwandishi wa matini ya asili hakulazimika kuliamua. Neno hilo lina chimbuko lake katika kitenzi cha Kigiriki cha kale chenye maana ya kupambanua na kutoa hukumu, nalo liliingia katika Kiingereza kwa kupitia Kilatini. Leo limebeba maana mbili kwa pamoja: kuipima kazi ya sanaa, na kumlaumu mtu au taasisi kwa ukali. Kiswahili hakina neno moja linalobeba mzigo huo wote. Matini ikizungumzia riwaya, mfasiri ataandika uhakiki. Ikizungumzia mjadala wa bunge, ataandika ukosoaji. Ukali ukizidi, atachagua baina ya lawama, shutuma, karipio, kemeo na suto, na kila moja litamtaka ajue kwanza nani anasema, anamsema nani, na anamsema mbele ya nani.

Wingi huo wa maneno mara nyingine huchukuliwa kuwa ni upungufu wa istilahi, yaani lugha haijasanifiwa vya kutosha. Mhadhara huu unachukua mkondo mwingine. Unajaribu kuonyesha kwamba msamiati wa ukosoaji mkali katika Kiswahili una mpangilio wake wa ndani, kwamba mpangilio huo unatenganisha mambo matatu, yaani kosa, siri na mtu, na kwamba historia ya maneno haya kwa karne mbili zilizopita ni historia ya mvutano kuhusu nani mwenye haki ya kuyatenganisha. Mvutano huo haukuwa wa kamusi peke yake. Watu wamewahi kutozwa faini na kufungwa kwa sababu ya jina lililopewa walichokisema.

2. Vitenzi vitatu vya kutendua

Sarufi ya Kiswahili inayo kauli inayoitwa kauli ya kutendua. Kwa kauli hiyo, kitendo kilichokwisha kufanyika hurudishwa nyuma au hufumuliwa. Aliyefunga hufungua, aliyeziba huzibua, aliyekunja hukunjua, aliyetega hutegua. Aliyechoma mwiba katika mguu ameutia ndani, anayeuchomoa anautoa. Alama ya kauli hii ni irabu u au o mwishoni mwa shina, kabla ya irabu ya kumalizia, na o hutokea pale ambapo shina lenyewe lina irabu hiyo.

Kitenzi kukosoa kinafuata ruwaza hiyo hiyo. Shina lake ni kosa, neno lenye maana ya kutofikia shabaha, kupungukiwa na kitu, au kutenda isivyopasa. Kwa umbo lake, basi, kukosoa ni kulitendua kosa. Anayekosoa hasemi tu kwamba kosa lipo. Anaanza kuliondoa mahali lilipo. Ndiyo maana mwalimu hukosoa insha ya mwanafunzi, na mwanafunzi akarudishiwa insha ile ile ikiwa na alama za kumwelekeza. Insha haikuchanwa, wala mwanafunzi hakufukuzwa. Kilichokusudiwa kuondoka ni kosa.

Kitenzi cha pili ni kufichua, kutokana na kuficha. Hapa kinachotenduliwa ni ule ufichaji wenyewe. Kosa linaweza kubaki pale pale baada ya kufichuliwa, ila sasa linaonekana. Methali husema kwamba mficha maradhi kifo humfichua, na nyingine kwamba mficha uchi hazai. Methali zote mbili zinakubali kwamba kufichuliwa kunaaibisha, lakini zinaiweka aibu hiyo chini ya hasara kubwa zaidi inayotokana na kuficha.

Kitenzi cha tatu ni kuumbua, nacho kinatokana na kuumba. Hiki ndicho kikali kuliko vyote. Kuumba ni kukipa kitu umbo, na katika itikadi za dini ni kazi ya Mwenyezi Mungu. Kuumbua ni kuliharibu umbo hilo, na kwa matumizi ya kawaida ni kumvunjia mtu heshima mbele za watu hadi asiwe na uso wa kuwatazamia. Aliyekosolewa anaweza kurudi kazini kesho yake. Aliyeumbuka hujifungia ndani.

Vitenzi hivi vitatu vinatumia kauli moja ya kisarufi, na vyote vinaweza kutumika kwa tukio lile lile. Tofauti yao haimo katika kiwango cha ukali wa maneno. Mtu anaweza kukosolewa kwa maneno makali mno na asiumbuke, na anaweza kuumbuliwa kwa maneno laini kabisa. Tofauti imo katika kile kinachotenduliwa: kosa, siri, au mtu mwenyewe. Mgogoro huanza pale ambapo msemaji anadai kwamba ametendua kosa, na msemwa anadai kwamba ametenduliwa yeye.

3. Mzizi mmoja, njia mbili

Sehemu kubwa ya msamiati wa ukosoaji ilipokewa kutoka Kiarabu, lugha ya dini, sheria na elimu katika miji ya pwani. Kulaumu, kushutumu, kulaani, kutuhumu, kukashifu na kuhakiki vyote vina asili hiyo. Maneno haya hayakubaki na maana yale yale yaliyokuwa nayo. Kushutumu, kwa mfano, kilikuwa na maana ya kutukana. Katika Kiswahili cha vyombo vya habari, hasa tangu idhaa za nje zilipoanza kutangaza kwa Kiswahili, mojawapo ikiwa BBC mwaka 1957, kitenzi hicho kimekuwa cha kidiplomasia. Serikali moja hushutumu nyingine bila ya mtu kufikiri kwamba kumetolewa tusi. Hali kadhalika kulaani, kitendo cha kumwombea mtu ghadhabu ya Mungu, sasa hufanywa na mikutano ya kimataifa kwa njia ya azimio.

Lakini neno lenye historia ya kuzingatiwa zaidi ni kashfa. Mzizi wake wa Kiarabu una maana ya kufunua na kuondoa kifuniko. Kwa maana hiyo ya asili, kukashifu na kufichua ni jambo moja. Kiswahili, hata hivyo, kimelipeleka neno hili upande wa aibu. Kashfa ni jambo la fedheha lililofunuliwa, na kumkashifu mtu ni kumsema kwa nia ya kumshusha. Katika lugha ya mahakama, kashfa imekuwa jina la kosa lenyewe la kumharibia mtu sifa.

Mzizi huo huo ulikwisha kutumika katika Kiswahili kwa njia tofauti kabisa. Sayyid Abdallah bin Ali bin Nasir, aliyeishi baina ya karne ya 18 na mwanzo wa karne ya 19, alitunga utenzi unaojulikana kwa jina la Al-Inkishafi. Inkishafi ni kufunukiwa. Katika utenzi huo mshairi anausemesha moyo wake mwenyewe. Anauonya juu ya kughurika na dunia, kisha anauonyesha magofu ya Pate, mji uliokuwa na fahari na matajiri wake, ambao sasa nyumba zake zimekuwa makao ya ndege na wadudu. Ni mojawapo ya tungo zenye ukosoaji mkali kuliko zote katika fasihi ya Kiswahili, kwa kuwa haiwasazi wakuu wa mji, wala anasa zao, wala kughafilika kwao. Hata hivyo, hakuna aliyepata kuiita kashfa.

Sababu yake ni mahali anaposimama msemaji. Mshairi hakujitoa miongoni mwa wanaosemwa. Kifuniko kinachoondolewa kwanza ni cha moyo wake, na Pate inaletwa mbele ya moyo huo kuwa ushahidi. Mzizi mmoja, basi, umekipa Kiswahili njia mbili za kufunua. Katika njia ya inkishafi anayefunua naye hufunuliwa. Katika njia ya kashfa mfunuaji hubaki amejifunika. Tofauti hii ya zamani inasaidia kuyaelewa mengi yaliyofuata.

4. Cheo cha msemaji

Katika jamii za Waswahili, kama katika jamii nyingi, si kila mtu anaweza kumkosoa kila mtu kwa neno lolote. Kukaripia na kukemea ni haki ya mkubwa kwa mdogo. Mzazi humkaripia mtoto, mwalimu humkemea mwanafunzi. Na kumrudi mtoto, yaani kumwadibu ili arejee katika njia, ni wajibu wa mlezi. Mtoto anayesemekana kumkemea baba yake amekwisha kuhukumiwa na sentensi yenyewe kabla hajasikilizwa. Kwa upande wa mdogo kwenda kwa mkubwa, lugha imeacha wazi milango mingine, kama vile kumshauri, kumkumbusha, kumnasihi, na pale inapobidi, kumsema kwa fumbo.

Kutokana na mpangilio huo ilikua sanaa kubwa ya kusema bila ya kutaja. Kijembe ni udogo wa jembe, na pia ni kisu kidogo; kwa maana ya kitamathali ni neno linalokata bila ya kuonekana mkono ulioshika. Kanga zenye maandishi zimewawezesha wanawake wa pwani na Zanzibar kumfikishia jirani, wifi au mke mwenza ujumbe ambao ungeleta ugomvi kama ungetamkwa. Aliyeudhika akilalamika kwamba amesemwa, atakuwa amekiri mwenyewe kwamba maneno yanamhusu. Miaka ya 1990, jijini Dar es Salaam, ushindani wa vikundi vya Muungano na Tanzania One Theatre uliifanya mipasho ya taarabu kuwa burudani ya umma, na wasikilizaji walikuwa wakitunza fedha jukwaani kwa kuwa ubeti umewasemea.

Pamoja na fumbo, ilikuwapo njia ya waziwazi iliyokuwa na taratibu zake, nayo ni kusuta. Mwanamke aliyezuliwa jambo hakumjibu mzushi kwa uzushi mwingine. Aliwakusanya wenziwe, mara nyingine kwa ngoma na nyimbo, wakaenda hadi mlangoni kwa aliyesema. Huko aliulizwa mbele ya mashahidi: maneno haya umeyasema au hukuyasema? Kusuta ni kukali, na aliyesutwa huona haya kwa siku nyingi. Hata hivyo kuna mambo mawili ambayo kashfa haina. Kwanza, msutwaji yupo, anasikia na anaweza kujibu. Pili, shabaha ya kwanza ni neno la uongo lililosemwa, ili lirudishwe mdomoni lilikotoka.

Sharti hilo la kuwapo kwa jibu linaonekana wazi zaidi katika ushairi wa siasa. Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyezaliwa mwaka 1776 na kufariki mwaka 1840, aliishi katika zama ambazo mji wake, chini ya Mazrui, ulikuwa katika uhasama na Lamu na kisha na Seyyid Said wa Omani. Katika miaka ya 1810 majeshi ya Mombasa na Pate yalishindwa vibaya na watu wa Lamu katika vita vya Shela. Vita hivyo vilikuwa na upande wa pili uliopiganwa kwa mashairi. Muyaka aliwachoma watu wa Lamu, na washairi wa Lamu, miongoni mwao Bwana Zahidi Mngumi, nao wakamjibu. Tungo zilisafirishwa kutoka mji hadi mji, zikakaririwa barazani, na mji ulioshambuliwa ulitarajiwa kutoa mshairi wa kujibu.

Ukali wa mashairi hayo ulikuwa mkubwa, na mara nyingine ulivuka mpaka ukawa ni kuumbuana. Muyaka hakuwakosoa maadui peke yao. Aliwageukia pia watu wa Mombasa pale alipoona uzembe au usaliti. Lakini wote walikuwa wakipimana kwa kipimo kimoja, kwa kuwa shairi lilijibiwa kwa shairi. Aliyeshindwa kujibu alishindwa mbele ya wasikilizaji, na hao ndio waliokuwa mahakama. Baada ya Mazrui kuangushwa mwaka 1837, siasa za Mombasa zilibadilika, lakini mashairi yaliendelea kukaririwa hadi yalipoandikwa na Mwalimu Sikujua na William Taylor, na baadaye kuchapishwa na William Hichens mwaka 1940. Yaliyosemwa yalibaki na waliojibu nao walibaki.

5. Kutoka barazani hadi mahakamani

Utawala wa kikoloni ulileta mambo mawili kwa wakati mmoja: gazeti, yaani baraza pana kuliko baraza lolote lililowahi kuwapo, na sheria iliyoamua mpaka wa baraza hilo. Gazeti la serikali la Mambo Leo, lililoanza Tanganyika mwaka 1923, liliwapa washairi uwanja wa kuulizana na kujibizana kutoka kila upande wa nchi. Mwaka 1937 Erica Fiah alianzisha Kwetu jijini Dar es Salaam, gazeti lililomilikiwa na Mwafrika na lililothubutu kuzungumzia dhuluma. Msomaji wa kawaida alipata mahali pa kukosoa. Jambo ambalo hakulipata ni hakika kwamba atajibiwa kwa kalamu.

Tukio la mwaka 1958 linaeleza hali hiyo. Julius Nyerere, rais wa TANU wakati huo, aliandika katika jarida la chama, Sauti ya TANU, akiyashutumu matendo ya wakuu wa wilaya wawili wa Kiingereza. Alishitakiwa kwa kosa la kashfa, akatiwa hatiani, na akatakiwa kulipa faini ya shilingi 3,000 au kwenda jela miezi sita. Faini ililipwa. Kwa mtazamo wa TANU, kilichosemwa kilikuwa ni kosa la utawala. Kwa mtazamo wa mahakama, walioguswa walikuwa ni watu wawili na heshima zao. Tofauti ya kosa na mtu, iliyokuwa ikiamuliwa na wasikilizaji wa barazani, sasa iliamuliwa na upande mmoja wa wahusika.

Baada ya uhuru, TANU ilikabiliwa na swali hilo hilo kutoka ndani. Mwaka 1962 Nyerere alitoa kijitabu chenye jina la Tujisahihishe. Jina hilo lina maana yake. Sahihi, katika Kiarabu, ni kitu kizima kisicho na ugonjwa wala dosari. Na kiambishi ji kinamrudisha mtendaji kwake mwenyewe. Kiongozi hakuwaambia wafuasi wake kwamba atawasahihisha, bali kwamba wao na yeye wajisahihishe. Katika lugha ya chama miaka iliyofuata, usemi wa kukosoa na kujikosoa ulienea, nao ulikuwa wa njia ya inkishafi: msemaji asijitoe miongoni mwa wanaosemwa.

Hata hivyo, maneno mema hayakutosha. Ukosoaji uliokubaliwa ulikuwa ule wa ndani ya vikao, na aliyesema nje ya vikao alikuwa karibu na jina jingine, yaani mchochezi. Kuchochea ni kusukumia kuni au makaa ili moto uwake zaidi. Neno hilo, lililotoka jikoni, likawa istilahi ya sheria. Maana yake ya asili inafichua dhana iliyomo. Anayeitwa mchochezi hashitakiwi kwa kuuwasha moto. Kwa kumwita hivyo, anayemwita amekiri bila kukusudia kwamba moto ulikwisha kuwapo.

Mfano wa wazi zaidi unatoka Kenya. Mwaka 1968 Abdilatif Abdalla, kijana wa Mombasa, aliandika waraka wenye jina la Kenya: Twendapi? Kwa umbo lake, jina hilo ni swali, na kiambishi chake cha nafsi kinamjumuisha muulizaji miongoni mwa wanaokwenda. Serikali haikujibu swali. Ilimshitaki mwandishi kwa uchochezi, naye akafungwa kuanzia mwaka 1969 hadi 1972. Mashairi aliyoyatunga gerezani yalichapishwa mwaka 1973 katika diwani ya Sauti ya Dhiki, na mwaka 1974 diwani hiyo ilipata tuzo ya fasihi yenye jina la Jomo Kenyatta, rais ambaye chini ya utawala wake mshairi alifungwa. Maneno ya mtu mmoja yalikuwa uchochezi katika mwaka mmoja na fahari ya taifa katika mwaka mwingine. Mtungaji hakubadilika sana katika miaka hiyo. Lililobadilika ni jina la alichokifanya.

Nchini Tanzania, Sheria ya Magazeti ya mwaka 1976 iliendelea kuipa serikali uwezo mkubwa juu ya kilichochapishwa, hata baada ya mfumo wa vyama vingi kurejeshwa mwaka 1992 na magazeti ya watu binafsi kuongezeka. Sheria ya Huduma za Habari ya mwaka 2016 iliichukua nafasi yake, nayo ikawa na vifungu vya kashfa na vya uchochezi. Mwaka 2019 Mahakama ya Haki ya Afrika Mashariki iliamua kwamba vifungu kadhaa vya sheria hiyo, vikiwamo vya aina hizo mbili, vinakwenda kinyume na Mkataba wa Jumuiya. Marekebisho ya mwaka 2023 yaliiondoa kashfa katika makosa ya jinai ya sheria hiyo. Kwa mwanahistoria wa lugha, hatua hiyo si ya kisheria tu. Neno kashfa limesogezwa kutoka ugomvi wa raia na dola na kurudishwa katika ugomvi wa mtu na mtu, mahali ambapo aliyesemwa anaweza kudai haki yake bila ya msemaji kutishiwa jela.

6. Uhakiki na neno guni

Wakati mvutano huo ukiendelea mahakamani, mwingine ulikuwa ukitokea vyuoni. Idara ya Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ilianza mwaka 1970, na fasihi ya Kiswahili ikahitaji kujadiliwa kwa Kiswahili. Mwaka 1973 T.S.Y. Sengo na S.D. Kiango walitoa Hisi Zetu, moja ya vitabu vya mwanzo vya aina hiyo. Neno lililopata nguvu kwa kazi hii lilikuwa uhakiki, na ubavuni mwake uchambuzi. Kuchambua ni kazi ya mikono: pamba huchambuliwa, karafuu huchambuliwa kutoka katika vikonyo vyake, mboga huchambuliwa kabla ya kupikwa. Kuhakiki, kwa upande wake, kunatokana na haki na ukweli. Ni kuthibitisha kwamba kitu ni kweli. Maana hiyo ya pili ilisikika upya nchini Tanzania mwaka 2016 na 2017, vyeti vya watumishi wa umma vilipohakikiwa kimoja kimoja. Katika maneno yote mawili, kilicho mezani ni kitu, si mtu.

Nadharia hiyo ilijaribiwa mara moja katika mgogoro wa ushairi. Kaluta Amri Abedi alikuwa ameandika Sheria za Kutunga Mashairi mwaka 1954, na kwa washairi wengi vina na mizani vilikuwa ndiyo ushairi wenyewe. Tungo iliyokosea vina au mizani iliitwa guni. Mwaka 1974 Euphrase Kezilahabi alichapisha Kichomi, diwani yenye mashairi yaliyoacha kanuni hizo kwa makusudi. Kabla ya hapo guni lilikuwa jina la kosa ambalo mtungaji angeweza kulirekebisha. Sasa lilitumika kwa tungo ambayo mtungaji wake hakukubali kwamba ina kosa, na kwa hiyo halikuweza tena kukosoa. Lilibaki na kazi ya kumtoa mtu katika kundi la washairi. Upande wa pili nao haukuwa na upole. Waliotetea vina waliambiwa kwamba wamefungwa na kanuni na kwamba wanahesabu silabi badala ya kufikiri.

Kilichouokoa mjadala huo ni kwamba ulijibiwa kwa vitabu. Mulokozi na Kahigi walitoa Malenga wa Bara mwaka 1976 na Kunga za Ushairi na Diwani Yetu mwaka 1982. Jumanne Mayoka alijibu mwaka 1984 kwa Mgogoro wa Ushairi. Ibrahim Noor Shariff alitoa Tungo Zetu mwaka 1988, akiurudisha mjadala katika historia ndefu ya tungo za pwani. Kila upande ulilazimika kueleza ushairi ni nini, jambo ambalo lisingeelezwa kwa kina hicho bila ya ukali wa upande mwingine. Leo mwanafunzi wa shule ya sekondari husoma tungo za aina zote mbili. Hakuna mshairi aliyekosa jina kwa sababu ya mgogoro huo, na hakuna aliyefungwa. Utaratibu wa Muyaka na Zahidi Mngumi ulifanya kazi tena, safari hii kwa wino wa kiwanda cha uchapaji.

7. Hitimisho

Historia hii haithibitishi kwamba zamani Waswahili walikosoana kwa upole na kwamba ukali uliletwa na wageni. Kijembe ni cha kale, na wapo waliouawa na maneno kabla ya gazeti la kwanza kuchapishwa. Wala haithibitishi kwamba kila aliyeitwa mchochezi alikuwa na haki. Inachoonyesha ni kwamba lugha yenyewe imehifadhi tofauti baina ya kulitendua kosa, kuitendua siri na kumtendua mtu, na kwamba tofauti hiyo imelindwa vyema pale palipokuwa na mambo mawili: msemaji asiyejificha, na msemwa mwenye nafasi ya kujibu. Palipokosekana la kwanza, ukosoaji uligeuka kashfa. Palipokosekana la pili, hata swali liliitwa uchochezi.

Watunzi wa kamusi na wafasiri wana jukumu hapa. Kila wanapochagua kuandika kwamba mbunge, mwandishi au mwananchi amekosoa, ameshutumu, amekashifu au amechochea, wanatoa hukumu ambayo msomaji wa habari haoni kwamba imetolewa. Mahakama zitaendelea kuamua mashauri yanayofikishwa mbele yake. Lakini shauri la kwanza huamuliwa mapema zaidi, na mtu anayekaa mbele ya sentensi na kuchagua kitenzi.